Medali zina majina. Na wale waliovuta mashua?

Jambo hili lilianzia katika site moja ya wahami, hapa kandokando ya Kalemie. Baada ya kipindi chetu mzee mmoja alinishika mkono, akaniuliza: «Mwanangu, babu yangu alitusimulia kwamba alivuta mashua za Waingereza kwa kamba, huko Katanga. Wazungu wale walipewa medali. Jina la babu yangu liko wapi?» Nilimwambia: «Baba, nipe muda nitafute.» Nimetafuta, na leo namjibu.

Mashua zenyewe zilikuwa mbili, Mimi na Toutou. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kwanza kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake London wakakataa, naye akachukua majina ya Kifaransa ya kubembeleza wanyama haohao. Ndiyo maana mashua ya vita ikafika kwetu ikiitwa «Mimi», wakati waliovuta hawakuulizwa «wewe nani?»

Ilikuwa mwaka 1915. Wajerumani ndio walikuwa na nguvu juu ya Ziwa Tanganyika kwa sababu ya meli zao. Waingereza wakaleta mashua hizo zenye injini, kila moja urefu wa mita 12 hivi, kwa bahari hadi Cape Town, kisha kwa treni hadi Fungurume. Kutoka pale hadi Sankisia hapakuwa na reli, ni pori na milima ya Mitumba. Miti ilikatwa, madaraja yakajengwa zaidi ya 100, na mashua zikavutwa kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu. Mashine zilipokosa maji, mama zetu waliyaleta kwa mitungi kichwani. Toka Sankisia walipanda treni hadi Bukama, wakateremka mto Lualaba hadi Kabalo, wakapanda treni tena hadi hapa kwetu, wakati huo pakiitwa Lukuga.

Tarehe 26 Desemba 1915 walikamata meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 wakazamisha Hedwig von Wissmann. Ile kubwa, Graf von Goetzen, Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma mwezi wa Julai 1916. Baadaye iliinuliwa tena, na ndiyo ile mnayoijua wote kwa jina la Liemba.

Sasa tuje kwenye medali. Uingereza iliwapa wapiganaji wake wa vita ile medali ya fedha. Ukiigeuza ukatazama ukingo wake, utaona herufi ndogo zilizopigwa: namba ya mtu, cheo, jina na kikosi. Kwa sababu ya herufi hizo kuna watu, Uingereza na kwingineko, wanaokusanya medali hizi maisha yao yote. Wanasoma ukingo kwa kioo cha kukuza, halafu wanakwenda kwenye nyaraka za taifa kule Kew, London, kutafuta jina lilelile katika orodha za waliopewa. Hapo wanajua huyu alikuwa nani, alipigana wapi, alirudi au hakurudi. Hata askari Waafrika wa King's African Rifles majina yao yalipigwa ukingoni. Medali ambayo jina lake limefutwa, wakusanyaji wanaidharau. Thamani yake iko katika jina kuliko katika fedha.

Lakini si kila aliyetumika alifika kwenye ukingo. Vikosi vya kazi vya Wachina, Wahindi na Wamalta walipewa medali ileile kwa bronzi, si kwa fedha. Serikali ya Afrika Kusini iliwanyima kabisa Waafrika wake waliokwenda kufanya kazi ya vita Ufaransa. Na katika vita vya Afrika Mashariki, ambapo wapagazi walihesabiwa kwa malaki, wengi walikufa kwa njaa na magonjwa bila jina kuandikwa popote. Mwezi wa Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri yenyewe: watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa.

Upande wetu tulikuwa chini ya Wabelgiji. Wanajeshi wa Force Publique waliingia Tabora mwezi wa Septemba 1916, nyuma yao wapagazi wengi sana wa Kongo. Medali za Wabelgiji kwa kawaida hazina jina, ukingo wake ni laini. Na katika masimulizi ya safari ya Mimi na Toutou, maofisa wanatajwa mmoja mmoja, wetu wanaitwa «wenyeji» tu.

Sisi tunaoishi na jetoni mkononi tunalielewa jambo hili. Jina likikosa kwenye orodha, unga haukufikii, hata kama njaa yako wanaiona wote. Anayeshika kalamu ndiye anayeamua nani yupo.

Kwa hiyo ndugu zangu, kama katika mzigo mliokimbia nao kuna medali ya mzee, msiisugue sana, herufi zinafutika. Msimuuzie mpita njia kabla hamjasoma ukingo wake. Ipigeni picha, muandike ilikuwa ya nani na nani alimpokea. Na kama hakuna medali, andikeni jina lenyewe, kijiji na kazi aliyoifanya, kwa sababu wazee wanaoondoka hapa kambini wanaondoka na orodha nzima.

Nilirudi kwa yule mzee, nikamwambia: «Baba, jina la babu yako sikuliona.» Akanyamaza kidogo. Halafu akalitaja kwa sauti, mara mbili, na mjukuu wake akaliandika nyuma ya daftari la shule.