Mikono Iliyo Karibu: Habari za Kuzuia Damu katika Karagwe na Kyerwa

Katika kitabu hiki cha yubile mtasoma habari za makanisa yaliyojengwa, na za wazee waliotutangulia katika kazi. Mimi nimepewa kuandika juu ya utunzaji wa majeruhi katika nchi yetu. Habari hizo ni nyingi, nami nimechagua moja tu: damu imtokayo mtu aliyejeruhiwa, na nani aliyefundishwa kuizuia.

Kwanza sina budi kueleza sababu ya kuchagua jambo hili. Nilipokuwa kijana, nikifundisha dini katika shule moja ya msingi, wanafunzi walitolewa siku moja kufyeka majani ya uwanja. Fyekeo la mmoja likamponyoka, likampiga mwenzake nyuma ya paja. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Damu ikaruka kama maji ya chemchemi. Tulikuwako walimu watano. Mmoja alikimbia kuleta majivu jikoni, mwingine akaleta unga wa kahawa, wa tatu akaenda kutafuta pikipiki, na wa nne akawafukuza watoto wasione. Mimi nilikishika kichwa cha yule mtoto nikamwombea. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweka mkono juu ya jeraha na kulikandamiza. Hospitali ilikuwa mwendo wa saa nzima, na hatukufika nusu ya njia kabla hajakata roho.

Jioni mama yake aliniuliza neno moja tu: “Mwalimu, mlimfanyia nini mwanangu?” Nikanyamaza. Hata miaka ilipopita, muuguzi mmoja alikuja kutufundisha namna ya kuzuia damu. Mafundisho yake yote yalikwisha kwa asubuhi moja. Hapo ndipo nilipofahamu ya kuwa mkono wangu uliokishika kichwa cha mtoto ungaliweza kulishika jeraha lake. Basi tangu siku ile nimeuliza: elimu hii ya asubuhi moja ilikuwa wapi siku zote?

Na tuanze na habari za zamani. Mwezi wa Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Karagwe wakitafuta chanzo cha mto Nile. Mkama Rumanyika aliwapokea kwa wema mwingi. Kisha Grant akapata donda baya mguuni, asiweze kutembea. Speke akaenda Buganda Januari 1862, mwenzake akabaki mikononi mwa watu wa Karagwe mpaka Aprili, ndipo alipochukuliwa kwa machela kumfuata. Donda lake halikuwa jeraha la kutoka damu ghafula, wala dawa alizopakwa hazikumponya upesi. Lakini habari ile yatuonyesha jambo moja: kabla ya misheni yo yote kufika hapa, watu wetu walijua ya kuwa mgonjwa hatupwi. Walimlaza, walimlisha, wakambeba. Desturi ya majirani kubebana kwa machela wengi wetu tumeiona kwa macho yetu. Moyo wa kusaidia haukuletwa na meli.

Huko Ulaya nako elimu ya kuzuia damu ilikwenda polepole. Zamani waganga wa vita walikichoma kidonda kwa chuma cha moto, na watu wengi wakafa kwa maumivu. Mwaka 1552 mganga Mfaransa, Ambroise Paré, alipokata viungo vya askari walioumia alianza kuifunga mishipa kwa uzi. Mwaka 1718 Mfaransa mwingine, Jean-Louis Petit, alibuni kifungo chenye parafujo cha kukaza juu ya mkono au mguu ili damu isimame. Lakini mambo hayo yote yalikuwa ya waganga. Mtu wa kawaida aliachwa kuwa mtazamaji.

Badiliko kubwa lilikuja katika nusu ya mwisho ya karne ya 19. Mwaka 1877 Waingereza walianzisha chama cha Mtakatifu Yohana cha kuwafundisha raia huduma ya kwanza. Mwaka 1882 daktari wa Kidachi, Friedrich von Esmarch, alifungua katika mji wa Kiel shule ya kuwafundisha watu wasio madaktari, naye akaiita shule ya Wasamaria. Jina hilo kila Mkristo alifahamu. Msamaria wa Injili hakuwa kuhani wala mganga. Alikuwa mpita njia, naye aliyafunga majeraha kwanza, ndipo akampandisha mtu yule juu ya mnyama wake na kumpeleka penye nyumba ya wageni. Utaratibu huo ndio elimu yenyewe: kwanza kufunga, kisha safari. Siku ile shuleni sisi tuliugeuza. Tulitafuta mnyama kwanza.

Wadachi walijenga boma lao Bukoba mwaka 1890, miaka minane tu baada ya shule ile ya Kiel. Baadaye wakaja Waingereza. Misheni zilijenga zahanati, na nyingine zikakua kuwa hospitali. Leo tunazo Nyakahanga ya Walutheri, na Nyakaiga na Isingiro za Wakatoliki, pamoja na vituo vya serikali. Ni nani awezaye kuzihesabu roho zilizookolewa humo? Baada ya Uhuru sheria ya mwaka 1962 ilianzisha Chama cha Msalaba Mwekundu katika nchi yetu, na kufundisha huduma ya kwanza ni mojawapo ya kazi zake. Lakini vijijini kwetu tuliizoea hospitali hata tukadhani ya kuwa uponyaji huanzia mlangoni pake. Mtu akiumia, neno letu la kwanza ni “Mpelekeni!” Wala hatuulizi atafikaje akiwa hai.

Tazameni nchi yenyewe. Wilaya ya Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka 2012, na hata baada ya kutengwa kila moja ni pana. Milima ni mirefu, njia za kwenda Murongo na Kaisho zina kona, na siku za masika udongo huteleza. Kazi zetu ni za makali: panga migombani, shoka msituni, fyekeo shuleni. Tena pikipiki zimejaa barabarani. Sasa fikirini hesabu hii. Mtu mzima ana damu kadiri ya lita tano. Mtoto wa kilo ishirini ana lita moja na nusu hivi, haijazi ndoo ndogo. Mshipa mkubwa ukikatika, mtu aweza kufa kwa dakika tano, au pungufu. Hakuna hospitali iwezayo kuwa karibu kiasi hicho kwa kila shamba. Kilicho karibu kiasi hicho ni mikono ya jirani.

Jirani zetu wa kusini, watu wa Ngara, waliyaona haya kwa uchungu mkubwa. Mwezi wa Novemba 1917 dunia ilikuwa vitani. Miaka mia baadaye, Novemba 2017, nchi yetu ilikuwa katika amani. Hata hivyo siku moja ya mwezi huo bomu la mkono lililipuka katika shule ya msingi ya Kihinga. Mwanafunzi alikuwa ameliokota akidhani ni chuma chakavu. Watoto watano walikufa, na zaidi ya arobaini walijeruhiwa, nao wakapelekwa hospitali ya Rulenge. Sikuitaja habari hii ili kumlaumu mtu. Naitaja ili kila mwalimu ajiulize: watoto arobaini wakilala uwanjani kwako wakitoka damu, na muuguzi yuko mbali, ni watu wangapi shuleni pako wanajua la kufanya?

Na Wamarekani walijiuliza neno hilo hilo. Mwezi wa Desemba 2012 mtu mwenye bunduki aliwaua watoto 20 na watu wazima 6 katika shule moja ya mji wa Newtown. Madaktari wakakutana, wakaona ya kuwa raia lazima wafundishwe kuzuia damu, na mwaka 2015 mafundisho hayo yakatangazwa nchini mwao mwote. Walikuwa wamejifunza pia kutoka vita vya Iraq na Afghanistan. Kwa muda mrefu madaktari wengi walikiogopa kifungo cha kukaza, wakisema kitaharibu kiungo. Vita vile viliwaonyesha ya kuwa kifungo kilichofungwa mapema, kabla mtu hajazimia kwa kukosa damu, kimeokoa wengi, na ni mara chache kiungo hupotea kwa sababu yake.

Basi mafundisho yenyewe ni haya, nami nayaandika ili yasomwe hata na asiyepata mwalimu.

Kwanza, tazama kama mahali ni salama, kisha mtume mtu mmoja, umwite kwa jina, aende kuomba msaada na chombo cha safari. Vaa mipira ya mikono, au hata mifuko safi ya plastiki, kwa ajili ya kujikinga na magonjwa.

Pili, fungua au chana nguo ulione jeraha. Weka kitambaa safi juu yake, ukandamize kwa mikono miwili na kwa uzito wa mwili wako. Usiinue mkono kila mara kuchungulia. Jeraha likiwa na shimo, hasa kwapani, shingoni au kinenani, shindilia kitambaa ndani mpaka shimo lijae, kisha kandamiza. Kifuani na tumboni usishindilie kitu. Kisu au mti uliochoma na kubaki ndani usiung’oe. Uzungushie nguo usitikisike.

Tatu, ikiwa ni mkono au mguu, na damu haisimami, tumia kifungo cha kukaza. Twaa kitambaa imara chenye upana wa vidole vitatu, kama kipande cha kanga. Usitumie waya wala kamba nyembamba. Funga juu ya jeraha, kuelekea moyoni, umbali wa vidole vinne, wala si juu ya goti au kiwiko. Tia kijiti katika fundo, ukizungushe mpaka damu ikome, kisha kifunge kisirudi nyuma. Andika saa uliyofunga. Usikilegeze njiani, kazi hiyo ni ya daktari, nawe fanya haraka kumfikisha.

Mgonjwa atalia, maana kifungo kizuri huuma sana. Usiogope kilio chake. Wazee walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

Nne, mlaze, mfunike apate joto, kaa naye. Majivu, udongo, unga wa kahawa na mafuta ya taa visiguse kidonda. Havishiki damu ya mshipa mkubwa, tena huingiza uchafu.

Hayo ndiyo yote. Hakuna neno hapa lisilowezekana kwa mpishi wa shule, kwa mlinzi, kwa mwendesha pikipiki, kwa mama wa jumuiya, au kwa mwanafunzi mkubwa. Kwa hiyo naomba kila shule iwaite wauguzi wa kituo kilicho karibu, wawafundishe walimu na wafanyakazi wote, wajizoeze kwa mikono, tena warudie kila mwaka, maana mkono usiozoezwa husahau. Na kila shule iwe na mfuko mmoja ukutani: vitambaa safi, bendeji, mipira ya mikono, kijiti, kalamu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya jeneza la mtoto.

Katika yubile twamshukuru Mungu kwa majengo. Mimi namshukuru pia kwa muuguzi yule aliyetufundisha asubuhi moja, ingawa alikuja tumekwisha kuzika. Mama wa mtoto yule angali hai, nasi husalimiana Jumapili. Neno alilouliza sijalijibu hata leo. Lakini katika shule yetu sasa walimu wote wanajua kukandamiza jeraha na kufunga kifungo, na mwaka jana aliponiuliza kazi inaendaje, nilimweleza hilo. Alinishika mkono, akautazama kitambo, kisha akasema, “Wafundishe na wengine.”