Julai 2019: Maniema Union kati ya nne bora Kigali

Wasikilizaji wa Kasongo na Kabambare wanajua: mvua ikikatika, ligi inapumzika, na viwanja vinajaa mashindano ya vakansi. Hayana pointi, wala hayatoi tiketi ya kucheza kombe la Afrika. Wapo wanaosema ni kupoteza wakati. Yaliyoipata timu ya Maniema yanaonyesha vingine.

Katika Afrika Mashariki na Kati, mashindano makubwa ya namna hiyo ni Kombe la Kagame. CECAFA ilianzisha kombe hilo la vilabu mwaka 1974. Jina la Kagame likaja 2002, Raisi wa Rwanda alipoanza kutoa pesa za zawadi. Kongo si memba wa CECAFA, basi vilabu vyake vinakwenda kwa kualikwa tu. AS Vita ya Kinshasa ilikwenda hivyo Dar es Salaam mwaka 2012.

Julai 2019 kombe lilichezwa Rwanda. Kutoka Kongo walialikwa TP Mazembe, DC Motema Pembe na AS Maniema Union ya Kindu. Mazembe ilikwisha kuwa bingwa wa Afrika mara 5. Maniema Union ilijulikana na wachache nje ya nchi. Azam ya Tanzania ikaitoa Mazembe robo fainali, na Maniema Union ikafika nusu fainali. Hapo nayo ikasimamishwa na Azam. Fainali, KCCA ya Uganda iliifunga Azam 1-0.

Miaka hiyo familia nyingi za Kabambare zilikuwa zimekimbia vijiji vyao kwa sababu ya mapigano ya upande wa Salamabila, karibu na machimbo ya dhahabu ya Namoya. Kwenye habari, jina Maniema lilifuatana na bunduki na dhahabu. Julai ile lilifuatana na mpira.

Novemba 2024, Maniema Union ilianza kucheza makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya kwanza. Kigali peke yake haikuifikisha huko, lakini vijana walikwisha kuonja viwanja vya ugeni bila kuogopa kupoteza pointi.

Wanaopanga mashindano ya kiangazi Kasongo wana nafasi hiyohiyo. Mtoto aliyekimbia na mtoto wa mwenyeji wakiwekwa timu moja, jezi moja, watajuana kabla ya shule kufunguliwa.