Mfarishi, Ruwaza na Kiolezo

Mfarishi ni kifuniko cha kitanda chenye tabaka tatu: uso wa juu, ambao mara nyingi huungwa kwa vipande vya vitambaa, pamba au blanketi kuukuu katikati, na bitana chini. Kwanza hupigwa bandi ili zisiteleze, kisha hushonwa kwa mishono inayozipenya zote tatu. Mishono hiyo ndiyo inayoufanya mfarishi kuwa mfarishi. Isipokuwepo, kilichopo ni shuka la viraka. Neno lenyewe linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutandika. Limo kamusini, ila katika kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya husikika kwa nadra, kwa kuwa baridi ya milima ya huko hukabiliwa kwa blanketi na duveti za dukani.

Ugumu wa istilahi hauko kwenye mfarishi, uko kwenye pateni. Kiingereza hutumia neno moja, pattern, kwa mambo matatu: mpangilio wa vipande unaoonekana kwa jicho, umbo la karatasi la kukatia kitambaa, na maelekezo yanayouzwa. Mafundi cherehani hawachanganyi. Katika soko kama Keroka, lililo mpakani mwa kaunti hizo mbili, fundi wa sare za shule hukata umbo la kola au mkono kwenye karatasi ngumu na kuliita pateni. Miraba iliyo kwenye kitambaa chenyewe ni drafti, haiwi pateni hata siku moja. Utengano huo ni sahihi na unafaa kufuatwa: mpangilio, pamoja na maelekezo yake, uitwe ruwaza, na umbo la kukatia liitwe kiolezo.

Historia ya biashara ya ruwaza inaonyesha kwa nini maneno mawili yanahitajika. Mwaka 1835 jarida la Godey's Lady's Book la Philadelphia lilichapisha ruwaza ya pembesita, mojawapo ya ruwaza za kwanza kuchapishwa Marekani. Kabla ya hapo ruwaza zilisafiri zaidi kwa macho: mtu aliona mfarishi wa jirani akaenda kuuiga. Kampuni ya Ladies Art ya St. Louis, iliyoanza mwaka 1889, iliifanya ruwaza kuwa bidhaa ya posta. Mteja alichagua picha kwenye orodha, akaagiza. Baadaye magazeti yaliingia kwa nguvu. Kansas City Star lilichapisha ruwaza kuanzia 1928 hadi 1961, na wasomaji wake walinakili maumbo ya gazetini kwenye kadibodi ili kupata violezo. Gazeti liliuza ruwaza. Kiolezo kilitengenezwa mezani nyumbani.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ufundi wa kushona mifarishi ulififia. Ulifufuka kupitia mlango usiotarajiwa. Mwaka 1971 jumba la makumbusho la Whitney, New York, lilitundika mifarishi ukutani kama michoro ya kisanii, na watu wakaitazama ruwaza bila kufikiria kitanda wala kiolezo. Maadhimisho ya miaka 200 ya uhuru wa Marekani, mwaka 1976, yaliwarudisha wengi kwenye sindano. Mwaka 1979 kampuni ya Olfa ya Japani ikatoa kisu cha gurudumu, kinachokata tabaka kadhaa za kitambaa kwa kufuata rula. Tangu hapo ruwaza nyingi hazina kiolezo kabisa. Zina vipimo tu. Mfasiri anayetumia neno moja kwa vyote viwili hawezi kuieleza hatua hiyo.

Afrika Mashariki ina kisa chake cha ruwaza iliyotoka kwenye viraka. Leso, kama kanga inavyoitwa Kenya, inasimuliwa kuwa ilianza pwani katika karne ya 19, wanawake walipounga leso (vitambaa vya mkononi) sita za mraba, tatu kwa mbili, kuwa vazi moja. Wafanyabiashara waliona, wakaanza kuagiza kitambaa kizima kilichochapwa. Mshono ukageuka chapa. Leso inayofungwa kiunoni Nyamira leo inatokana na kazi ya kuunga vipande.

Istilahi nyingine inayosumbua ni ile ya mkusanyiko wa kushona, ambapo mwenye mfarishi huita majirani kuzunguka fremu na kuwalisha. Abagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira, wana risaga, kazi ya shamba ambayo mwenye shamba huwaitia majirani na kuwakirimu kwa chakula na pombe. Muundo ni uleule. Kwa Kiswahili, msaragambo unafaa kuliko mkutano, kwa sababu unabeba kazi ndani yake.

Neno la mwisho ni dogo na ndilo linaloharibu vitambaa vingi: nafasi ya mshono, yaani ukingo wa kitambaa unaoachwa kwa ajili ya kushonea. Maumbo ya zamani ya magazetini aghalabu hayakuijumuisha. Ruwaza za kisu cha gurudumu huijumuisha, kwa kawaida robo inchi kila upande. Katika safu ya vipande 12, nafasi hiyo ni nusu inchi kwa kila kipande. Fundi aliyedhani nafasi haimo akaiongeza mara ya pili, au aliyedhani imo akaiacha, atatofautiana na ruwaza kwa inchi sita kwenye futikamba. Ruwaza iliyoandikwa kwa Kiswahili inapaswa kutaja jambo hilo katika mstari wake wa kwanza.