Nakala Isiyobadilika na Mlinzi Wake

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Neno hilo ni la kweli, ila yafaa ujiulize, ewe msomaji: je, ufunguo wa ghala yenye akiba hiyo u mikononi mwa nani? Historia ya kompyuta yatupa jibu lenye mafunzo.

Katika maabara ya Bell Labs, huko Marekani, wataalamu walianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kuunda mfumo wa kompyuta ulioitwa Plan 9. Kila siku, alfajiri, mashine yao iliweka nakala ya mafaili yote kama yalivyokuwa saa ile, katika diski ambazo zikisha kuandikwa hazifutiki. Nakala hiyo ilikuwa ya kusomwa tu. Mtu aliyeharibu kazi yake hakuwa na haja ya kumwendea msimamizi. Aliifungua nakala ya jana, au ya mwaka uliotangulia, akachukua alichokipoteza.

Lakini nani aliruhusiwa kusoma nini? Kanuni yao ilikuwa nyepesi: kila faili lilihifadhiwa pamoja na ruhusa lililokuwa nayo siku ile. Lililofungwa lilibaki limefungwa, na lililo wazi lilibaki wazi. Angalia basi upande wa pili wa kanuni hii. Ukiliacha faili lako wazi leo, kisha ukalifunga kesho, nakala ya leo haitakusikia, maana haibadiliki.

Mwezi wa Julai 2021 hatari ya namna hiyo ilidhihirika katika matoleo kadhaa ya Windows 10, mfumo wa kampuni ya Microsoft. Faili linalotunza maneno ya siri ya watumiaji, yakiwa yamefumbwa, lilikuwa limepewa kwa kosa ruhusa ya kusomwa na mtumiaji yeyote. Faili lenyewe halikufunguka wakati kompyuta inafanya kazi, kwa kuwa mfumo ulikuwa umelishikilia. Lakini nakala zake za zamani, ziitwazo nakala kivuli, hazikuwa na kizuizi hicho. Mtumiaji wa kawaida aliyezisoma aliweza kujipatia madaraka ya msimamizi. Mwezi wa Agosti Microsoft ilitoa marekebisho, lakini hayakutosha peke yake. Wenye kompyuta waliambiwa wazifute pia nakala za zamani, kwani ndani yake ile ruhusa mbaya ilikuwa ingali hai.

Fahamu basi kwamba kuzuia nakala isiandikwe ni kazi moja, na kuzuia isisomwe na asiyehusika ni kazi nyingine. Ukijaliwa siku moja kuwa mlinzi wa kumbukumbu za shule, hospitali au benki, panga ruhusa kabla nakala haijawekwa. Baada ya hapo hubaki njia mbili tu: kuufunga mlango wa ghala nzima, ama kuiteketeza akiba yenyewe.