Rangi gani hudumu kwenye kabureta ya pikipiki?

Kwa dereva wa bodaboda anayetoka Mzinga na kupandisha abiria milima ya Uluguru, pikipiki ni kazi na pia ni fahari. Wapo ambao baada ya tangi na rimu hutaka na kabureta iwe nyekundu, bluu au ya dhahabu. Tatizo huja pale rangi inapobanduka. Kipande kidogo kikiingia kwenye jeti, pikipiki huzima katikati ya mlima na hesabu ya tajiri iko palepale.

Wengi hulaumu joto la injini. Kwa kabureta, adui mkubwa ni petroli. Huvuja kidogo kwenye gaskiti ya bakuli, na humwagika kila fundi anapofungua skrubu ya chini. Rangi nyingi za kawaida za kopo la kupuliza hulainika zikiguswa na petroli, hata kama zimekauka vizuri. Rangi ya ekzosi nayo isikudanganye: kuvumilia moto si kuvumilia petroli.

Kwa fundi wa kijijini, chaguo linalofaa zaidi ni rangi inayochanganywa na kigumishi chake, ile ambayo mafundi wa kupaka magari huinunua kwenye makopo mawili. Ikishachanganyika hugeuka kitu kigumu ambacho petroli hupata shida kukilainisha. Hukauka kwa kugusa ndani ya siku moja, lakini ugumu kamili huchukua kama siku 7, na kwenye baridi kama ya Mgeta huchelewa zaidi. Tumia brashi ndogo badala ya kupuliza. Mvuke wa baadhi ya vigumishi huumiza mapafu, na kitambaa cha kufunika pua hakiuzuii.

Rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri la nyuzi joto 180 hadi 200 hudumu vizuri, ila inahitaji karakana yenye tanuri, na kabureta iwe imevuliwa kila kipande cha raba na plastiki. Rangi ya kuzamisha kwenye asidi yenye umeme, kama ile ya vipuri vya urembo vinavyong'aa, inafaa aluminiamu peke yake. Kabureta nyingine zimetengenezwa kwa zinki, na asidi hiyo huila zinki. Utaitambua mkononi: zinki ina uzito unaozidi mara mbili ule wa aluminiamu ya ukubwa uleule.

Ule wekundu wa dhahabu kwenye kabureta za zamani mara nyingi si rangi ya kupaka. Ni dawa ya kromiamu, na aina yake ya zamani ni sumu inayosababisha saratani. Usijaribu kuitengeneza nyumbani. Mto Mzinga hupeleka maji Bwawa la Mindu, ambalo mji wa Morogoro hunywa. Kwa sababu hiyohiyo, petroli na thina ya kuoshea kabureta isimwagwe mtaroni.

Kabla ya kugusa kabureta yako, jaribu rangi kwenye mfuniko wa kabureta mbovu. Subiri wiki, kisha weka kitambaa cheupe kilicholowa petroli juu yake kwa saa moja, mbali na moto. Kikitoka na rangi, au ukucha ukiikwaruza kirahisi, achana nayo.

Wakati wa kupaka, ondoa mafuta yote, piga msasa laini, ziba kila tundu. Rangi isiingie ndani, wala pale bakuli linapokutana na bodi, wala njia ya sindano. Hata tundu dogo la kupumulia likizibwa, petroli haitashuka sawasawa.

Kuiacha bila rangi nako si kosa. Aluminiamu na zinki hazili kutu nyekundu. Ule unga mweupe husuguliwa ukatoka. Na ukinunua kabureta iliyotumika yenye rangi mpya, kagua kwanza. Rangi huficha ufa.

Ukishairudisha kwenye pikipiki, fungua koki ya mafuta, subiri dakika 10, pitisha kidole chini ya bakuli. Kikiwa kikavu ndipo uwashe.