Baharia wa Bara na Maharamia wa Somalia

Ijumaa iliyopita, baada ya swala mjini Bungoma, mzee mmoja alinivuta kando. Kijana wake amepata kazi ya melini. "Wewe mtu wa Mombasa," akaniuliza, "maharamia bado wapo?"

Wapo, mzee wangu, ingawa si kama zamani. Septemba 2008 waliiteka MV Faina ikija Mombasa na vifaru 33, wakaiachia Februari 2009 baada ya kulipwa kikombozi. Aprili 2009 wakaivamia Maersk Alabama, nayo ikija kwetu na chakula cha msaada.

Mashua za matanga ndizo dhaifu zaidi: mwendo mdogo, ubavu mfupi, watu wachache. Oktoba 2009 Paul na Rachel Chandler, mke na mume kutoka Uingereza, walitekwa wakitoka Ushelisheli kuja Tanzania, wakashikiliwa zaidi ya mwaka. Februari 2011 Wamarekani wanne wa mashua Quest waliuawa. Mwenye chombo kidogo asiikaribie kabisa bahari ya Somalia.

Manowari za kigeni, walinzi wenye silaha na kesi zilizosikizwa Mombasa ziliwapunguza. Lakini Desemba 2023 MV Ruen ilitekwa, na Machi 2024 MV Abdullah ya Bangladesh, ikitoka Maputo. Mabaharia wake 23 walishikiliwa mwezi mmoja.

Na asiye na mtoto baharini asijione salama. Shemeji yangu wa Kitale hulima mahindi kwa mbolea inayoteremshwa Kilindini. Njia ikiwa na hatari, bima ya meli hupanda, meli huzunguka mbali, na gharama humfuata mkulima hadi shambani.

Nilimwambia mzee asimzuie kijana, ila kabla ya kutia sahihi aulize mambo matatu. Je, wakala ana leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya? Meli itapita wapi, na hujisajili na UKMTO, kituo cha wanamaji wa Uingereza kinachofuatilia usalama wa meli? Na je, mkataba unasema mshahara utaendelea akitekwa? Hiyo ni haki yake katika sheria ya kimataifa ya mabaharia tangu Desemba 2020.

Mzee aliniomba nimwandikie maswali hayo kwenye karatasi. Nimeyaandika hapa pia, kwa wazazi wengine. Mola awalinde vijana wetu.