VR inavyoonyesha mvua ya Uluguru, na pale inapoweza kukudanganya

Mlima una umbo, mvua ya mwaka mzima haina. Ili takwimu kama hiyo ionekane ndani ya uhalisia pepe, ambao wengi huuita VR, lazima ipewe kitu cha kuonekana: urefu, rangi au ukubwa.

Chukua mfano wa Milima ya Uluguru, Morogoro. Ukivaa miwani ya VR, milima inasimama mbele yako. Juu yake zinawekwa nguzo: mvua ikiwa nyingi, nguzo inakuwa ndefu.

Utaona nini?

Miteremko ya mashariki hupokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na baadhi ya maeneo hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Upande wa magharibi, kuelekea Mgeta, mvua hupungua. Kwenye jedwali hizo ni tarakimu tu. Kwenye VR unageuza kichwa tu, tofauti unaiona.

Inadanganya wapi?

- Nguzo iliyo karibu nawe huonekana ndefu kuliko ya mbali, hata kama zinalingana.
- Nguzo za mbele huziba za nyuma.
- Milima huweza kuvutwa juu mara mbili au tatu ili ionekane vizuri. Hapo shamba la kawaida litaonekana kama liko kwenye genge.

Kwa nini ujali?

Uluguru ni chanzo cha Mto Ruvu, unaotegemewa kwa maji Dar es Salaam. Pia ni makazi na mashamba ya watu. Mwaka 1955 Waluguru walipinga vikali mpango wa serikali ya kikoloni uliowalazimisha kuchimba matuta milimani. Leo, picha iliyozidisha mteremko inaweza kumfanya mkulima aonekane mharibifu wa vyanzo vya maji kabla hata hajasikilizwa.

Kagua mambo manne

1. Kipimo: nguzo moja ni milimita ngapi?
2. Takwimu ni za mwaka gani?
3. Mlima umevutwa juu kiasi gani?
4. Kuna ramani ya kawaida pembeni ya kulinganisha?

Kama majibu hayapo, furahia mandhari, lakini usiitumie kuamua nani alime wapi.